Waliojengewa chuo cha ufundi na halmashauri, mji ulichangamka kweli? Tupeane uzoefu

Fundi Randa
Wakuu, juzi kwenye WDC (kamati ya maendeleo ya kata) diwani kaja na hoja kwamba halmashauri itenge eneo katani kwetu kijengwe chuo cha VETA. Eti vijana wataacha kukimbilia Dar na biashara zitachangamka. Wenyeviti wa vijiji makofi kama yote. Eneo lenyewe linagusa shamba langu. Waliopitia haya, ni kweli au maneno ya kuombea kura?

Mama Ntilie Stendi
Kwangu kulichangamka wakati wa ujenzi. Vibarua walikula kwa daftari, Jumamosi wanalipa. Chuo kilipofunguliwa, wa bweni wanakula hukohuko. Waliofaidi ni wenye vyumba vya kupangisha.

Kobe
Vyumba hapo umesema kweli. Hata visivyo na umeme vilipanda bei.

Baba Kulwa
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa kamati ya ujenzi. Mawe na mchanga tulisomba wenyewe, kila kaya ilichanga. Karakana ikaisha, sakafu inateleza, lakini ndani hamna hata bisibisi, na umeme uliofika ni wa njia moja wakati mashine zinataka njia tatu. Mara tukaambiwa mgeni rasmi anakuja kuzindua! Usiku tukazunguka kuazima: mashine ya kuchomelea kwa huyu, randa kwa yule, vyerehani kwa mafundi wa sokoni. Asubuhi vijana wamevalishwa ovaroli mpya, mkao wa kazi. Mgeni kaingia chumba cha ushonaji, kainama kumuuliza binti anashona nini. Binti kashika gauni la harusi la watu, lilikuja na cherehani, hakuna aliyekumbuka kulitoa. Kabla hajajibu, mwenye cherehani huyu hapa, anapenya katikati ya wakubwa: "Samahanini, harusi ni kesho." Akafungua kichwa cha cherehani, akajitwisha, gauni begani, huyoo. Nje kwaya bado inaimba karibuni wageni.

Shangazi Mtu
😂😂 Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Gauni liliisha?

Baba Kulwa
Liliisha. Mashine za chuo zilikuja baadaye sana.

Mchomeleaji
Na hela ya vifaa ipo! SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, wanatukata kwenye mshahara, ni ya mafunzo ya ufundi hiyo.

Mhasibu
Hukatwi wewe. Analipa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, tena anapeleka TRA, si halmashauri. Angalia salary slip yako.

Mchomeleaji
Salary slip naitoa wapi, mimi nachomelea mageti barabarani?

Mhasibu
Sasa wamekukata wapi?

Dada Umeme
Mimi nimesoma VETA umeme wa majumbani na ndio unanilisha. Fundi Randa, gombaneni na fani, sio jengo. Kata ya alizeti ikiletewa fani ya hoteli, vijana watahitimu na kupanda basi lilelile la Dar. Ulizeni nani atafundisha kutengeneza mashine za kukamua na matrekta. Na mtaji: ile 10% ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi, vijana mgao wao ni 4%, lakini mpaka muwe kikundi. Kikundi chetu mmoja kaondoka na drili, deni tukabaki nalo sisi.

Mchomeleaji
Wa vyuoni wakija kwangu field wanakimbia cheche. Ufundi ni gereji.

Dada Umeme
Na nyie wa gereji ndio mnapanga foleni VETA mtambuliwe ujuzi mpate cheti, tenda zikitangazwa 😏

Mzee wa Mpakani
Kuhusu shamba: usisaini chochote kabla mthamini wa fidia hajahesabu mazao ukiwa umesimama naye, na ubaki na nakala.

Kobe
Panda miembe leo usiku.

Mzee wa Mpakani
Usimsikilize huyo. Mthamini anajua mche wa jana.

Shangazi Mtu
Jamani, bibi harusi aliwahi kuambiwa gauni lake lilizinduliwa na mgeni rasmi?