Hilux dabo kebini haiingii gereji ya nyumbani, nibomoe ukuta au nijenge banda nje? (Dodoma)

MamaAlizeti:

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana hapa nyumbani tumeshabishana wiki nzima hatujafika popote.

Nyumba yetu iko Nkuhungu, tulijenga 2016, mchoraji wa ramani akatuwekea gereji iliyoungana na nyumba kabisa, chumba cha watoto kiko ukuta kwa ukuta nayo. Kipindi kile tulikuwa na IST, ilikuwa inaingia na nafasi ya kuegesha baiskeli inabaki. Sasa mimi nafanya biashara ya alizeti, kila wiki niko Kibaigwa na vijiji vya Kongwa huko ndani, IST ikachoka, mwezi uliopita nikachukua Hilux dabo kebini, ile pikapu ya milango minne. Gari imefika nyumbani saa moja usiku watoto wote wako nje wanashangilia, nikaiingiza taratibuuu mpaka bampa ya mbele ikagusa ukuta wa mwisho, kushuka naangalia nyuma bado iko nje na mlango wa gereji haufungi. Nimepima kwa utepe, ndani ni mita 5.10 tu, gari inabaki nje kama sentimita 40 ukihesabu na ile tou baa, chuma cha nyuma cha kuvutia tela. Upana wa mlango ni mita 2.4 kwa hiyo lazima nikunje vioo, na nikishaingia nafungua mlango kidogo natoka kwa ubavu nimebana pumzi.

Mzee wangu anasema tubomoe ukuta wa nyuma tule kipande cha stoo ya jikoni. Mimi nawaza banda la bati pembeni, upande wa fensi ya magharibi, halafu gereji iwe stoo ya magunia. Kwa sasa gari inalala chini ya mwarobaini, asubuhi boneti limejaa vinyesi vya ndege na vumbi, saa nane mchana ukishika usukani unauachia. Na jirani alishaibiwa saiti mira (vioo vya pembeni) zote mbili mwezi wa pili, kwa hiyo usingizi wenyewe sina. Wenye pikapu mnalazaje magari yenu?

Msafiri_wa_Manyoni:

Hongera sana dada kwa chombo. Hilux za miaka hii zina urefu kama mita 5.33 bila hiyo tou baa, upana mita 1.85 bila vioo. Gereji nyingi za hapa zilichorwa kwa kufikiria gari ndogo. Usibomoe kitu chochote mpaka fundi wa kueleweka aone huo ukuta.

Fundi wa Ipagala:

Dada nakuomba sana huo ukuta wa nyuma muuache. Nimeitwa mara mbili kwenda kuokoa kazi kama hiyo. Ukuta wa mwisho wa gereji iliyoungana na nyumba mara nyingi ndio umebeba lenta (boriti ya zege ya juu) na paa linalopita hadi jikoni, sasa fundi akija na nyundo akaanza kutoa tofali bila kuweka tegemezi, siku hiyo hutaona kitu, baada ya masika moja unaona ufa umetoka kona ya dirisha unapanda na kushuka ngazi ngazi kwenye mistari ya tofali. Hapo ndipo unaanza kutafuta hela ambayo ingejenga banda mbili. Na udongo wetu huu sehemu nyingine ukilowa unavimba na ukikauka unapasuka, nyumba tayari ina mapambano yake.

Kama lazima gari ilale ndani ya gereji, sogeza mlango mbele. Unasimamisha nguzo mbili za zege nje ya mlango wa sasa, kama mita moja hivi, unapitisha lenta juu yake, unaezeka kale kapande, mlango unahamia huko mbele na ukuta wa zamani hujaugusa. Mita 5.10 inakuwa 6.10, gari inakaa na unapita mbele yake bila kujibana. Ila upana wa mita 2.4 utabaki vilevile pale kwenye uwazi wa zamani, kero ya vioo haitaisha. Halafu angalia ramani yako iliyopitishwa, kuna umbali umeandikwa kutoka jengo hadi mpaka wa kiwanja, ukiusogelea unatakiwa uende jiji. Tangu CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ivunjwe 2017 mambo ya vibali yako halmashauri ya jiji, usije ukajenga kwa kuambiwa na jirani kwamba hakuna shida.

Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia banda.

Kisasa_Kwetu:

Naunga mkono banda lakini dada banda la Dodoma linataka adabu. Mimi la kwangu liliondoka. Nilijenga na mirunda, bati nikapigilia kwa misumari ya kawaida, upande wa juu nikauelekeza mashariki kwa sababu nilitaka maji yaende kwa nyuma. Mwezi wa nane upepo ukaja usiku, nikasikia bati linapiga kelele pa pa pa kama mtu anagonga geti, kutoka nje nakuta bati tatu ziko kwa jirani, moja imepita juu ya bodi ya gari imeacha mstari kutoka kioo cha nyuma mpaka kwenye taa. Ule mstari ninao hadi leo, nikiosha gari kidole kinaupita.

Upepo wetu mkali wa kipindi cha ukavu unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki. Ukiuelekezea upande wa juu wa paa unaingia chini na kunyanyua. Kwa hiyo upande wa chini wa paa ndio uangalie mashariki. Kwako imekaa vizuri sana kwa sababu fensi iko magharibi, upande wa juu unakuwa kwenye fensi, maji yanashukia uwanjani kwako na siyo kwa jirani, na jua la saa tisa saa kumi ambalo ndilo linaua gari linazuiwa na ukuta. Ila paa usilitundike kwenye fensi!! Weka nguzo zake lenyewe pande zote mbili. Fensi ya tofali za inchi 6 ikivutwa na bati kwenye upepo inalala chini, na ikilala inalalia gari.

Nguzo tumia bomba la chuma, chimba sentimita 60 au 70, mwaga zege, ukisikia fundi anasema futi moja inatosha mlipe chai aende. Bati funga kwa skrubu zenye washa ya mpira kwenye skwea paipu, yale mabomba ya mraba.

NesiDom:

Nimesoma kwa haraka nikarudi tena juu kwa sababu ya sentensi moja, kwamba chumba cha watoto kiko ukuta kwa ukuta na gereji. Mimi ni nesi. Dada mkiamua gari ilale humo, asubuhi usiwashe ukaacha inaunguruma ndani hata kama mlango uko wazi. Najua mwezi wa sita na wa saba hapa baridi inakuwa kali na watu wana tabia ya kuwasha gari dakika kumi ipate joto huku wanakunywa chai. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inapita kwenye tundu za hewa, juu ya dari, chini ya mlango. Mtu aliyelala haamki, anazidi kulala. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli lakini kidogo kwenye chumba kilichofungwa kinajikusanya. Washa, toa nje, ndio usubiri. Na kama kuna tundu za hewa kati ya gereji na chumba cha watoto, zibeni leo.

MamaAlizeti:

Nesi Mungu akubariki. Zipo mbili juu kabisa karibu na dari, sikuwahi hata kuziwaza. Mzee kashachanganya saruji hapa.

Babu Texas:

Niliishi Houston miaka sita, nikurudishie moyo kidogo dada, tatizo lako hata Wamarekani wanalo na wao ndio wenye pikapu kubwa haswa. Pikapu ya ukubwa wa Hilux kwao inahesabika ya kati. Ford F-150 ya milango minne yenye bodi fupi ina karibu mita 5.9 na upana unazidi mita 2 kabla ya vioo, Toyota Tundra nayo hivyohivyo. Gereji ya nyumba nyingi kule ina kina cha kama mita 6, weka rafu ya vifaa mbele gari haiingii tena. Kwa hiyo mtaa mzima unakuta magari yamelala nje kwenye zege mbele ya nyumba na ndani ya gereji kuna makorokoro. Gari zao zinadumu tu, wanachohangaika nacho ni jua, taa za mbele zinakuwa njano na raba za milango zinakakamaa.

Halafu kuna kitu niliona nikirudi hapa, watu wananunua kava ya gari wanafunika nje. Kwa vumbi letu usifanye hivyo. Upepo unaitikisa kava usiku kucha na lile vumbi liko katikati yake na rangi, ni sawa na kupiga msasa. Bora gari ikae wazi chini ya bati.

Area_D:

Mimi naona wote mnasahau wezi. Banda la wazi ni kivuli tu. Gari langu lililala kwenye banda safi kabisa, fensi ina nyaya juu, wakaingia wakachukua tairi ya spea ile ya chini ya bodi, hata mbwa hakubweka. Kama kuna uwezekano wa kusogeza mlango mbele kama alivyosema fundi, sogeza, funga na kufuli lala.

Kisasa_Kwetu:

@Area_D pole sana ila kwenye uwazi wa mita 2.4 vioo atavivunja mwenyewe kabla mwizi hajafika. Dada andikisha namba ya gari kwenye vioo vyote na saiti mira, mwizi akiona namba anaona soko hamna. Ile spea iwekee mnyororo na kufuli. Taa ya sensa funga juu ya nguzo, iangalie gari na siyo geti.

NesiDom:

Na hayo magunia ya alizeti kwenye gereji, panya watakuja. Banda likiwa karibu watahamia kwenye injini kwa sababu kuna joto usiku. Shemeji yangu Mpwapwa aliacha gari wiki mbili, kurudi haiwaki, waya zimetafunwa.

MamaAlizeti:

Nimerudi wakuu. Leo Jumapili tumeshinda uwanjani. Tumeliweka gari pale kwenye fensi, nikafungua milango yote minne na mlango wa nyuma wa bodi nikaushusha, kijana akamwaga majivu chini kuzunguka pale milango inapoishia. Imetoka mita 6.4 kwa 3.7. Hapo ndio nikaelewa kwa nini kwenye gereji nilikuwa natoka kama mwizi. Mzee ameangalia ile alama ya majivu muda mrefu, mwisho akasema basi banda, ukuta tuuache. Nguzo nne za bomba, sentimita 70 chini, upande wa chini wa paa mita 2.3 uangalie mashariki. Magunia yatakaa juu ya mbao mwisho wa gereji mbali na banda, na paka tumeshaahidiwa na mama mmoja wa Chang'ombe.

Fundi wa Ipagala:

Vizuri sana. Swali moja, hiyo 2.3 umepima gari tupu au ikiwa na mzigo?

MamaAlizeti:

Tupu. Ngoja.

MamaAlizeti:

Nimetazama picha ya safari ya juzi, magunia yamepita juu ya paa la kebini kwa gunia moja zima na kamba. Tunapandisha iwe 2.7.

Fundi wa Ipagala:

Na upande wa fensi weka 3.1 ili maji yatembee. Kabla ya kumwaga zege simamisha mabomba makavu, mwambie kijana ashike, uingie na kutoka na gari mara tatu ukitokea getini.