Tupeane uzoefu: maneno ya Kikorea mnayashikaje bila mwalimu?

Wa Kongowea: Jana kwenye matatu ya Mtwapa kuna binti alikuwa akitazama tamthilia ya Kikorea, hasomi tafsiri za chini hata kidogo. Roho imenichoma. Herufi nimezimaliza, lakini maneno hayakai. Nayasoma usiku, alfajiri hayapo. Nyie mlipita wapi?

Likoni Juu: Nambari zilinitoa jasho! Saa wanahesabu kwa hana, dul, set (moja, mbili, tatu). Dakika kwa il, i, sam, moja mbili tatu nyingine. Saa tisa yetu na dakika tatu, kwao ni "se si sam bun". Tatu mbili hizo, "se" ya saa na "sam" ya dakika, kila moja na jina lake.

Kisauni: Kwa nambari tuko pamoja.

Fundi Majengo: Acheni kuandika kwa herufi za Kizungu. Mfalme Sejong wa Korea alitangaza Hangul, herufi za Kikorea, mwaka 1446 ili raia wa kawaida wajue kusoma. Herufi za msingi ni 24 tu. Bul ni moto, pul ni nyasi, ppul ni pembe. Sauti zake utazitenganishaje kwa Kizungu?

Likoni Juu: Usitukaripie, bwana. Hapa naandika hivi ili kila mtu asome.

Bi Mkubwa, Mji wa Kale: Wanangu, sisi wa Kimvita tumerahisishiwa. Anayetenganisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, pumzi ya pul anayo tayari.

Binti Bamburi: Kisa changu kinaniuma mpaka leo. Nilikuwa na daftari nene, Kikorea kushoto, Kiswahili kulia. Nililiacha mezani nikatumwa dukani. Mama huuza viazi karai jioni, na siku hiyo magazeti ya kufungia yalimwishia. Narudi, wateja wamejaa barazani, kila mmoja ameshika viazi ndani ya ukurasa wangu! Mafuta yamepenya, wino umechanganyika na ukwaju. Neno "sarang", mapenzi, nililisoma mkononi mwa dereva wa tuktuk. Mama hakujua, kwake ilikuwa michoro tu. Nililia usiku kucha. Kulipokucha nikaanza kuandika upya kwa kichwa. Yaliyorudi ni yale niliyoyatungia sentensi za nyumbani kwetu. Yaliyopangwa orodha tupu, yote yalipotea.

Kisauni: Subhanallah! Pole sana. Hakuna aliyerudisha?

Binti Bamburi: Mmoja tu. Ukurasa wake ninao.

Likoni Juu: Tumia Anki, programu ya simu ya kadi za maneno. Neno gumu hulirudisha haraka, rahisi hulichelewesha.

Kisauni: Na simu ikiibwa? Daftari haliporwi na mtu.

Fundi Majengo: Shikeni mizizi. "Hak" ni kusoma: haksaeng mwanafunzi, hakgyo shule, daehak chuo kikuu. Ni ndugu, kama kitabu, katibu na maktaba.

Bi Mkubwa, Mji wa Kale: Mizizi baadaye. Kwanza yasemeni kwa sauti, hata mkiwa mwaosha vyombo.

Wa Kongowea: Bi Mkubwa, naomba nije nisikie hizo pul na ppul kwa masikio yangu.

Bi Mkubwa, Mji wa Kale: Karibu Jumapili baada ya alasiri. Binti Bamburi naye aje na daftari jipya.

Fundi Majengo: Nami nitakuja. Ila ubaoni ni Hangul tu.

Likoni Juu: Haya, tutaonana huko huko.