Faiba, ruta ya 5G au dishi la setilaiti: naomba ushauri kabla sijasaini mkataba wa miezi 24

Mama Mapacha

Ndugu zangu, salamu kwenu. Naomba ushauri katika jambo ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa, na nitajitahidi kulieleza kwa utaratibu ili mtakaonijibu msilazimike kubahatisha.

Nyumbani tuko wanne. Mimi ni mhasibu ninayefanya kazi nikiwa nyumbani, na karibu kila siku nina vikao viwili au vitatu vya video na wateja. Mume wangu ni mwalimu anayerekodi masomo yake na kuyapandisha mtandaoni usiku, na kila somo huwa faili la takriban gigabaiti 2. Watoto kazi yao ni katuni, na hilo sidhani linahitaji maelezo. Kwa sasa tunatumia ruta ya laini ya simu, ya kampuni ambayo sitaitaja, kwa kifurushi kilichotangazwa kuwa ni cha "hadi megabiti 30, bila kikomo" (kasi zote nitakazotaja ni za kila sekunde). Mchana mambo huenda. Ikifika saa mbili usiku, faili la mume wangu husimama kwenye asilimia arobaini na kitu, na nikiwa na kikao cha jioni mteja huniambia kwamba uso wangu umeganda huku mdomo ukiwa wazi.

Mtaani kwetu sasa kuna njia tatu. Ya kwanza ni faiba, ambayo nyaya zake zimefika hivi karibuni, nayo inatoa megabiti 20 za kushusha na 20 za kupandisha, kwa malipo ya mwezi yanayozidi ya sasa kwa robo hivi. Ya pili ni ruta ya 5G ya kampuni nyingine ya simu, "hadi megabiti 100", kwa bei ileile tunayolipa sasa, ila kwa mkataba wa miezi 24. Ya tatu ni dishi la setilaiti, ambalo halina mkataba lakini vifaa vyake ni ghali na malipo yake ya mwezi yanazizidi zote. Mume wangu anasema 100 ni mara tano ya 20, kwa hiyo hakuna la kujadili. Mimi moyo unasita, ila nikiulizwa sababu sina. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie.

Fundi Nyaya

Dada, moyo wako una sababu nzuri, na sababu yenyewe ni neno "hadi". Kasi ya mnara wa simu ni ya kugawana na kila simu na kila ruta inayoshika mawimbi ya mnara huo, na ndiyo maana ya kwenu hulegea saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani. Hata faiba ni ya kugawana, watu wasikudanganye, lakini mgao wake ni mpana zaidi. Katika mfumo wa GPON, ambao kampuni nyingi hutumia kufikisha faiba majumbani, uzi mmoja hubeba gigabiti 2.488 kwa sekunde za kushusha na 1.244 za kupandisha, kisha hugawanywa mara nyingi kwa nyumba 32 au 64. Nyumba zote 32 zikivuta kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei, kila moja ingebaki na megabiti 77 hivi. Wewe unauziwa 20. Faiba ikizidiwa, kwa kawaida tatizo huwa mbele zaidi, kwenye njia ya kampuni ya kwenda nje, wala si kwenye waya wa mtaani kwako.

Sasa turudi kwa shemeji. Tangazo la 5G linataja kasi ya kushusha tu, ilhali somo lake linapanda. Gigabaiti 2 ni takriban megabiti 16,000, kwa sababu kila baiti ina biti 8. Kwa megabiti 20 za kupandisha, faili hilo litahitaji dakika 13 hivi. Iwapo ruta ya mnara itampa megabiti 3 za kupandisha usiku, jambo ambalo si la ajabu, atasubiri saa moja na nusu, hata kama upande wa kushusha unasoma 100. Ulizeni kasi ya kupandisha, na mwombe jibu lililoandikwa.

Kabla ya yote, naomba upime. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo, zima waifai kwenye kompyuta hiyo, kisha pima asubuhi na saa mbili usiku kwa siku tatu. Andika kasi ya kushusha, ya kupandisha na muda wa mwitikio, yaani muda ambao ujumbe hutumia kwenda na jibu lake kurudi. Baada ya hapo pima kwa waifai ukiwa kwenye chumba unachofanyia kazi. Nimefungia watu faiba mpya, wakalalamika kesho yake, kumbe ruta imefichwa nyuma ya televisheni ndani ya kabati.

Mpangaji wa Juu

Naunga mkono yote ya Fundi, isipokuwa nisingeikataa 5G kwa maneno tu. Mimi ninayo kwa mwaka wa pili sasa, naishi ghorofa ya nne, dirisha langu linautazama mnara, na sijawahi kupata chini ya megabiti 60. Jirani yangu wa upande wa pili wa jengo, mwenye kifurushi kilekile, hupata 10 akiwa na bahati. Kwa hiyo usiulize watu wa mtaani kwamba kampuni fulani ni nzuri au mbaya. Uliza aliye upande wako wa barabara, na ikiwezekana azima ruta yake kwa usiku mmoja uiweke dirishani kwako. Ukishasaini miezi 24, dirisha lako halitahama.

Mzee wa Pembezoni

Binti yangu, naona setilaiti imerukwa, nami ndiyo ninayoitumia kwa kuwa faiba haijafika ninapoishi na mnara uko nyuma ya kilima.

Setilaiti ziko za aina mbili, na wauzaji wengine hawataki ujue. Za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako hupanda huko na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, kwa hiyo hata kwa mwendo wa mwanga karibu nusu sekunde huwa imekwisha kabla hujasikia neno. Nilikuwa nayo hiyo, na kila nilipozungumza na mwanangu kwa video tulikuwa tukikatizana kama watu waliogombana. Za sasa, kama Starlink, ziko kwenye kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji huo umeondoka. Nimeridhika nayo. Hata hivyo dishi linahitaji anga wazi, mti mmoja mrefu unatosha kukukatizia mazungumzo kila baada ya dakika chache, mvua kubwa nayo hupunguza kasi, na kifaa chenyewe hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida. Mwenye faiba mlangoni sioni kwa nini ahangaike na haya.

Nitakuongezea jambo moja tu: utakapohama, usiitupe ruta yako ya zamani. Iweke pamoja na laini yake, uwe unanunua kifurushi cha siku pale faiba itakapokatwa na mchimba mitaro. Atakuja, nakuhakikishia.

Msoma Masharti

Ningependa kutaja mambo yaliyo kwenye maandishi madogo, maana huko ndiko mikataba hii hutofautiana kweli.

"Bila kikomo" mara nyingi huwa na kifungu cha matumizi ya haki, kinachosema kwamba ukivuka kiasi fulani cha gigabaiti kwa mwezi, kasi itashushwa. Kasi hiyo mpya lazima iwe imeandikwa mahali fulani, nawe uitafute, kwa kuwa kushushwa hadi megabiti 10 na kushushwa hadi megabiti 1 ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtoto anayetazama video za ubora wa juu kwa saa tatu kila siku anaweza kukufikisha huko kabla ya tarehe 20. Tazama pia ruta ni mali ya nani, gharama ya kufungiwa inarudishwa au la, na ukivunja mkataba mwezi wa tano utadaiwa nini. Mimi niliwahi kudaiwa malipo ya miezi yote iliyosalia, na kifungu kilikuwepo, ukurasa wa sita, nami nilikuwa nimetia saini.

Swali: je, mna kamera za ulinzi mnazotaka kuzitazama mkiwa mbali? Watoa huduma wengi, hasa wa simu na wa setilaiti, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na kamera za aina ya zamani hazifikiki kwa njia hiyo.

Mama Mapacha

Kamera hatuna, nashukuru kwa kuuliza. Nimerudi na vipimo, na nimejifunza jambo ambalo limenitia aibu kidogo.

Kwa kebo, asubuhi, nilipata megabiti 24 za kushusha na 9 za kupandisha. Kwa kebo, saa mbili usiku, 6 na 1.5, kwa siku zote tatu bila tofauti kubwa. Lakini kwa waifai, kwenye chumba changu cha kazi, asubuhi ileile ya megabiti 24, nilipata 5! Ruta yetu iko sebuleni, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, kama vile Fundi alikuwa akituchungulia. Nimeitoa na kuiweka juu ya rafu ukumbini, na sasa chumbani napata 17.

Kuna kingine ambacho sikielewi. Mume wangu akianza kupandisha somo lake, hata mchana, kikao changu huharibika papo hapo, ingawa kasi ya kushusha inabaki nzuri. Kwa nini?

Fundi Nyaya

Kwa sababu kikao chako nacho kinapandisha uso na sauti yako. Zoom kwa picha ya kiwango cha juu inataka megabiti 3.8 za kupandisha. Faili la shemeji linachukua njia nzima ya kupanda, na pakiti za sauti yako, yaani vipande vidogo vya data, zinapanga foleni nyuma yake ndani ya ruta. Jaribu hivi: pima muda wa mwitikio kukiwa kimya, kisha pima tena faili likiwa linapanda. Usishangae ukiona milisekunde 40 zimekuwa 800. Ukiwa na faiba utapata nafuu, lakini hata huko programu ya shemeji inaweza kujaza zote 20, kwa hiyo mwekee ukomo wa 12 kwenye programu ya kupandishia, au kwenye ruta ikiwa inaruhusu.

Hesabu ya jumla ya nyumba yenu ni hii: Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 5 kwa video ya 1080p, yaani picha safi ya kawaida, na 15 kwa ile ya 4K, ambayo ni kali zaidi. Watoto wawili kwenye 1080p ni 10, kikao chako kinashusha 3. Ishirini zinawatosha, mradi televisheni isiachwe kwenye 4K.

Mpangaji wa Juu

Na umeme ukikatika?

Fundi Nyaya

Swali zuri. Kigawanyio cha faiba mtaani hakihitaji umeme, kwa hiyo ikiwa kituo cha kampuni kina umeme wake, unachohitaji ni kuwasha kisanduku cha faiba na ruta tu. Vingi hutumia volti 12. Soma lebo ya kila adapta, volti na ampea, kisha nunua betri ndogo inayolingana. Mnara wa simu nao una betri zake, ila zikiisha huna la kufanya.

Mama Mapacha

Tumeamua. Nilimwonyesha mume wangu hesabu ya dakika 13 dhidi ya saa moja na nusu, akanyamaza kidogo, akauliza kama faiba wana nafasi Jumamosi. Nimewataka wanipe kasi ya kupandisha kwa maandishi na wamenipa. Mkataba ni wa mwezi mmoja mmoja, na kifungu cha matumizi ya haki kipo lakini kinaanzia gigabaiti 1,000, ambazo hatujawahi kuzikaribia.

Fundi wao alikuja leo. Alitaka kuweka kisanduku nyuma ya televisheni kwa sababu ndiko waya ulikoingilia. Nikamwomba aufikishe ukumbini, akasema mita za ziada nitazilipia, nikakubali. Usiku huu saa mbili na robo nimepima kwa kebo: 19.6 za kushusha na 19.8 za kupandisha, watoto wakiwa wamesimamishiwa katuni zao kwa muda wa kipimo tu, dakika mbili, na hawajanisamehe. Ruta ya zamani iko kwenye droo pamoja na laini yake, Mzee wangu, inamsubiri huyo mchimba mitaro.