Ushauri: Jumamosi naenda mgahawa wa Kiafghani, sijawahi kula chakula chao, niagize nini?

Elbe_Mtulivu: Habarini wakuu. Niko Hamburg. Mfanyakazi mwenzangu Mwafghani amenialika pamoja na wazazi wake, mgahawa uko karibu na stesheni kuu. Niagize nini nisiaibike? Wana pilipili sana? Usingizi umekata.

Mama_Jira: Pilipili hapana, chakula chao ni jira, iliki na mdalasini. Chukua kabuli palau. Mchele mrefu wa sella unalowekwa saa mbili, unachemshwa nusu, unachujwa, kisha unapaliwa na supu ya kondoo. Juu karoti zilizokatwa kama njiti za kiberiti na zabibu kavu. Nyama imezikwa chini, kwa hiyo usiite mhudumu kusema umeletewa wali mtupu. Fukua.

Kipisi: Mantu! Vifuko vya unga vyenye nyama ya kusaga na vitunguu vingi, vinaiva kwa mvuke. Vinalazwa kwenye mtindi wa kitunguu saumu, juu mchuzi wa dengu na nanaa kavu. Kula upesi, vikipoa unga unakuwa mpira.

Sharifu: Mkiketi kwenye jukwaa la mazulia, vua viatu. Kile kitambaa cha chakula ni dastarkhan, hakikanyagwi wala hakirukwi. Mkono wa kulia. Na acha kidogo kwenye sahani, mwenyeji akiiona tupu anajaza.

Dogo_Deira: Mimi kuna siku huku Deira, Dubai...

Kipisi: Dogo, hadithi baadaye.

Mama_Jira: Elbe, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya wali. Sema.

Elbe_Mtulivu: Sawa. Nina mzio. Lozi, pistashio, jamii hiyo yote. Koo linavimba. Ila mwenzangu ameshaagiza sinia la kabuli la watu sita, na nilimwambia nakula kila kitu. Nitazichambua kwa uma, si zinaonekana?

Mama_Jira: Lozi na pistashio za kabuli hazichambuliki. Zinakatwa vijiti, mara nyingi zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya karoti na zabibu, halafu vyote vinamwagwa juu ya wali. Utatoa kijiti, mafuta yamebaki kwenye punje. Na hapo sijafika kwenye chatni ya kijani: giligilani, pilipili, siki, na wengi husagia jozi humo, kokwa za jamii hiyohiyo ya lozi. Huwezi kuiona. Firni, ile pudini ya maziwa, inanyunyiziwa pistashio ya unga. Chai yao ya iliki yenyewe haina neno, lakini inakuja na nuqli, vipunje vyeupe kama pipi. Ndani ni lozi.

Elbe_Mtulivu: Nina sindano ya adrenalini, sitakwenda mikono mitupu.

Kipisi: Inaisha lini?

Elbe_Mtulivu: Iliisha Machi. Lakini dawa haifi siku ileile.

Sharifu: Kijana, unataka mzee wa watu akukaribishe chakula kisha akusindikize hospitali? Huo ni utovu wa adabu kuliko kukanyaga dastarkhan.

Elbe_Mtulivu: Mnanikuzia. Nilipiga simu mgahawani, wakasema kabuli yao ina nazi tu. Nazi hainidhuru.

Kipisi: NAZI? Kabul? Nchi isiyo na bahari wala mnazi? Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga.

Dogo_Deira: Chai ya iliki kabisa, na nuqli pembeni 😂 Ujumbe wa kwanza jukwaani, jina jipya. Wiki ijayo atakuja na mzio wa samaki kwenye harusi ya Wajapani.

Mama_Jira: Ngoja. Elbe, alikuambia kwa lugha gani?

Elbe_Mtulivu: Kijerumani. Alisema Nuss, yaani kokwa. Mimi nikachukulia Kokosnuss, nazi.

Kipisi: Ukachukulia!

Mama_Jira: Basi si chai, ni ukaidi. Sikiliza. Kanuni ya Ulaya namba 1169 ya 2011, inayotumika tangu Desemba 2014, inalazimisha mgahawa kukwambia vitu 14 vya mzio, na kokwa zimo. Uliza neno Schalenfrüchte, jina la Kijerumani la jamii yote ya lozi, jozi na pistashio, siyo Nuss peke yake. Kama mpishi anaongea Kidari, lugha ya Afghanistan: badam ni lozi, pista unaijua, charmaghz ni jozi. Mwambie "hasasiyat daram", nina mzio. Omba karoti na zabibu zako zikaangwe sufuria nyingine kwa mafuta mapya, upakuliwe kwa mwiko wako. Wakisema haiwezekani, amini, usibembeleze. Kula bolani ya viazi, ile chapati ya kujazwa, na mtindi mtupu, au kebabu ya mkaa baada ya kuuliza nyama imelowekwa kwenye nini. Chatni isikae karibu na sahani yako. Na bila sindano mpya hata bolani usiiguse.

Dogo_Deira: Nafuta ile chai yangu. Ila nazi ya Kabul nitakumbuka.

Elbe_Mtulivu: Nimepiga tena. Wanaweza kunitengea, ila wanataka kujua leo kabla hawajaanza kuandaa oda ya sinia. Sindano naenda kwa daktari Ijumaa asubuhi.

Sharifu: Na mwenyeji wako umemwambia?

Elbe_Mtulivu: Bado.

Mama_Jira: Oda ya sinia iko kwa jina la nani?

Elbe_Mtulivu: La baba yake.