Kilemba kinachogeuka mfuko wa sokoni, nishone vipi?

fundi_moro

Wadau habari za saa hizi, naombeni mawazo. Mi ni fundi cherehani niko Morogoro, kuna kikundi cha kina mama wa vikoba, vile vya kuweka na kukopa, wamenipa oda ya sare yao, gauni la kitenge na kilemba chake, hiyo haina shida, ila mwenyekiti wao kaja na wazo kwamba kilemba ukikivua kiweze kugeuka mfuko wa kubebea vitu, maana wengi wao wanapitia sokoni wakitoka kikaoni na tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku Juni 2019 kila ukisahau mfuko nyumbani unanunua mwingine, majumbani ile mifuko mbadala imejaa hadi chini ya kitanda na inachanika mapema.

Wazo nimelipenda sana na sitaki kulifanya kibabaishaji. Maswali yangu: nitumie kitenge chenyewe au niweke bitana, vipimo viwe vipi ili kikae vizuri kichwani na bado kibebe mzigo wa maana, na mishikio niiweke wapi isionekane mtu akiwa amejifunga. Kuna picha nimeona mtandaoni ya kofia ya duara yenye zipu kwa ndani, ukiifungua unapata mkoba. Kuna aliyewahi kushona kitu kama hicho?

Dullah_Kkoo

Fundi hongera kwa oda. Kuhusu ile kofia ya zipu piga hesabu kwanza kabla hujanunua vifaa. Kichwa cha mtu mzima kinazunguka kama sentimita 57, kwa hiyo ukiigeuza kofia juu chini mdomo wa mfuko wako ni hizo hizo 57, upana wa ndani ni sm 18 tu, na kina cha kofia ni kama sm 10. Ukizidisha unapata lita mbili na nusu. Hapo anaweka nyanya na vitunguu vya siku moja, akiongeza mkungu mdogo wa ndizi imeshashindikana. Zile unazoziona mtandaoni zina kitambaa kingine kimekunjwa na kufichwa ndani ya kofia, yaani mtu anatembea na mfuko mzima juu ya utosi, na kwa joto la huku kwetu hilo ni jasho tu. Kofia ya hivyo inafaa kwa mtalii wa ufukweni, aweke simu na mafuta ya jua. Kwa mama wa sokoni, hapana.

Ila wazo la kilemba naliunga mkono, kitambaa bapa kinakupa nafasi kubwa kuliko kofia yoyote.

BiNuru_Tanga

Mwanangu fundi, shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa 😊

Hicho anachokitaka mwenyekiti wenu sisi tumekifanya miaka yote kwa kanga na haikuhitaji cherehani. Doti ina vipande viwili, kimoja unajifunga kiunoni kingine unajitanda kichwani, ukifika shamba au gengeni kile cha kichwani kinageuka kitu chochote kile, ukitaka ngata unakisokota duara unakiweka kichwani chini ya ndoo, ukitaka kumbeba mtoto ni mbeleko, ukitaka kubeba muhogo unafunga furushi, na kama vitu ni vichache unakinga bindo tu unaondoka navyo. Kitambaa kimoja, kazi zote hizo, na jioni unakifua unakianika kinakauka.

Sasa namna ya kupata mfuko wenye mshikio kwa kanga nakueleza polepole. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo, si mraba, kwa hiyo ule urefu uliozidi ukunjie ndani upande mmoja upate mraba, na hapo umeshajipatia sehemu ya tabaka mbili. Kisha ikunje pembe kwa pembe iwe pembetatu, upande wa nje uangalie ndani. Zile ncha mbili kali za pembeni kila moja ipige fundo lake peke yake, acha kama kiganja kimoja kutoka nchani. Halafu igeuze, mafundo yaingie ndani, sasa zimebaki ncha mbili za juu, zifunge pamoja na huo ndio mshikio. Fundo la mshikio lifunge kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, ukirudia upande mmoja mara mbili litateleza njiani mzigo ukizidi. Kanga mpya ifue kwanza, ule wanga wa dukani unafanya fundo lisikamate.

Sitaki kukuharibia oda, ila kama wale mama ni watu wazima wenzangu wape kanga na uwafundishe fundo.

leso_na_uzi (Mombasa)

Bi Nuru nakuamkia, umesema kweli tupu. Mie nashona hapa Kisauni na leso, ndizo kanga zenu, nachukulia maduka ya Biashara Street, na tangu Kenya ikataze majuala, yaani mifuko ya plastiki, Agosti 2017, faini ikawa hadi shilingi milioni nne za Kenya au jela hadi miaka minne, watu walianza kuulizana tena mambo haya ya kufunga leso, vijana wengi hawakuwa wakiyajua.

Lakini dadangu fundi kuna jambo hapa hakuna aliyeligusa, nalo kwangu ndilo kubwa. Huyo mama akifika sokoni atavua kilemba mbele ya watu? Hapa kwetu wengi wetu tumejistiri, mtandio hauvuliwi sokoni kwa sababu ya viazi. Na hata asiyejistiri kwa dini, kama leo hakusuka, nywele ziko vile alivyoamka, hatavua. Utashona kazi safi na kilemba kitabaki kichwani huku mfuko akinunua. Kwa hivyo waulize wenyewe kabla hujakata kitambaa, usimuulize mwenyekiti pekee. Wanaovaa kininja au boneti ya ndani kwao ni rahisi, kilemba cha juu kikitoka kichwa bado kimefunikwa. Mie ningeshona seti, boneti ya kubana ya poplini yenye lastiki kwa nyuma, na kilemba cha kitenge cha kufunga juu yake. Boneti inakaa, kilemba kinafanya kazi.

La pili ni usafi. Kitambaa kilichokaa kichwani kina mafuta ya nywele, na kitambaa kilichobeba dagaa kina harufu ya dagaa. Hivi viwili visikutane upande mmoja. Weka bitana ya rangi moja iliyokolea, upande wa bitana ndio unaogusa kichwa, na kikigeuka mfuko bitana iwe NJE, kitenge kiwe ndani na chakula. Ama ufanye kinyume chake ukipenda, bora upande mmoja uwe wa kichwa siku zote na mwingine uwe wa mzigo siku zote. Rangi mbili tofauti zitamkumbusha hata akiwa na haraka.

mgeni_wa_Osaka

Naongezea kidogo kwa sababu nilisoma Japani na huko hili jambo wamelikuza sana. Wana kitambaa kinaitwa tenugui, pamba nyepesi, kama sm 35 kwa 90, wafanyakazi wanajifunga kichwani kuzuia jasho, wanapangusia mikono, wanafungia chakula. Ncha zake fupi hazipindwi, zinaachwa wazi ili kikauke haraka na uchafu usikae kwenye pindo. Na wana furoshiki, kile cha mraba cha kufungia mizigo, ambacho wanakifunga karibu sawa na alivyoeleza Bi Nuru hapo juu, na mwaka 2006 waziri wao wa mazingira wa wakati huo, Yuriko Koike, alitoa furoshiki iliyotengenezwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelewa ili watu waache mifuko ya dukani.

Kinachokufaa wewe fundi ni mfuko wao unaoitwa azuma bukuro. Unataka kitambaa ambacho urefu ni mara tatu ya upana, basi. Kigawe kwa macho miraba mitatu, kushoto, kati, kulia. Mraba wa kushoto ukunje juu ya ule wa kati, shona ukingo wa CHINI tu. Mraba wa kulia nao ukunje juu ya wa kati, shona ukingo wa JUU tu, angalia usishike ule mwingine. Geuza. Unapata mfuko wenye pembe mbili zinazosimama, zifunge pamoja ndio mshikio. Mishono miwili mifupi na umemaliza, hakuna mkanda wala zipu.

Dullah_Kkoo

Hiyo ya miraba mitatu ni kali mkuu, na inaingia kwenye kitenge kama vile ilipangwa. Kitenge cha kawaida kina upana wa inchi 45, hiyo ni kama sm 114. Gawa kwa tatu ni 38. Kwa hiyo kata kwa kufuata upana, kipande cha sm 40, pinda sentimita moja kila upande ubaki na 38, zile ncha fupi ni kingo za kiwandani hazifumuki huna haja ya kuzipinda. Yadi moja ni sm 91, unatoa vipande viwili na unabaki na sm 11 za kutengenezea kamba na viraka. Yadi moja kina mama wawili. Ila pima kitenge chenyewe kwanza, vingine ni vyembamba kuliko vilivyoandikwa.

Tatizo moja, ukishashona ile mishono miwili kimeshakuwa mfuko, hakifungiki tena kichwani kama kitambaa bapa.

leso_na_uzi (Mombasa)

Usishone basi, weka kamba. Kila pale ambapo pangekuwa na mshono, ukingo wa sm 38, utie jozi nne za vikamba vya kufunga, vyembamba, vya kitenge hicho hicho. Akifungua ni kitambaa, akifunga ni mfuko. Vifungo vya kubana vya chuma usivitumie hapo, vinaachia mzigo ukivuta na vikiwa kichwani vinauma sikio. Vifungo vya kawaida vya shati vinakubali lakini tundu lake litachoka mapema. Kila mahali kamba inaposhikia weka kiraka kwa nyuma na ushone mraba wenye msalaba ndani, usipige mstari mmoja tu ukarudi rudi palepale, sindano ikipita mahali pamoja mara nyingi inakata kitambaa na hapo ndipo kitaanza kuchanika.

Na bitana ukiitia, tumia kitu chepesi, poplini au hata mabaki ya pamba laini, usitie satini kwa sababu inateleza kichwani na fundo halikai.

BiNuru_Tanga

Kilemba cha sm 114 hakitoshi kufunga kile kikubwa cha harusini, kwa kichwa cha 57 kinazunguka mara moja na inabaki ya fundo la mbele tu. Mwambie mwenyekiti mapema asije akategemea kilemba cha kupanda juu kama mnara. Akitaka kikubwa arudi kwenye kanga.

Na kama mtachagua kanga, someni jina lake kabla ya kununua za kikundi. Maneno ya kanga yanasomwa na kila mtu hapo sokoni, na ya mafumbo mabaya hayafai kuwa sare.

fundi_moro

Asanteni sana, Bi Nuru shikamoo na hii ndo yenyewe 🙏 Nimerudi baada ya kuongea na kina mama wote, sikuishia kwa mwenyekiti. Alichosema dada wa Mombasa ndicho walichosema wengi wao, hawavui kilemba gengeni. Wakakubali seti, boneti ya poplini nyeusi ndani, na kipande cha miraba mitatu cha kufunga juu, fundo la mbele. Wazee wawili watatu wamesema wao wapewe kanga, nimewakubalia.

Nimeshakata cha mfano, bitana ya bluu upande wa kichwa, vikamba vinne kila ukingo. Kikiwa kichwani vikamba vinaning'inia na mama mmoja kasema vinamkera shingoni. Nivifupishe au nivifiche?

leso_na_uzi (Mombasa)

Usivifupishe, ukivifupisha havitafungika vidole vikiwa na maji ya samaki. Viache sm 12 kila kimoja, na kwenye pindo la ukingo huo acha mfereji, yaani pindo lako lifanye la sm 2 badala ya moja na usilishone hadi mwisho, aingize vikamba humo kwa kidole anapojifunga. Kipande kikate 42 badala ya 40 ili ubaki na 38 zako. Mbili zitatumia 84, kwenye yadi ya 91 bado zinaingia, ila zitabaki sm 7 tu, kwa hiyo kamba na viraka kata kwenye mabaki ya gauni.

Halafu cha mfano ukijaze mchele kilo tano ukitundike msumarini usiku kucha. Asubuhi angalia pale kamba zinaposhikia, ukiona matundu ya sindano yamefunguka ongeza kiraka kabla hujakata vingine.

fundi_moro

Nakitundika leo leo. Kesho naleta picha.