Televisheni mpya: ni lazima apatikane mtaalamu wa kuipima picha?

Mkaazi wa Makorora

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mwezi uliopita nilimnunulia baba televisheni ya inchi 55 katika duka moja la hapa Ngamiani, Tanga. Dukani picha ilikuwa inang'aa kiasi cha kumsimamisha mpita njia, lakini tangu tulipoifunga sebuleni mzee haachi kulalamika kwamba nyuso za wasomaji wa habari zimeiva kama za maharusi waliosingwa manjano, na kwamba kanzu nyeupe zinaonekana zimezidishiwa bluu ya kufulia. Niliporudi dukani niliambiwa kuwa kila televisheni mpya sharti isetiwe na mtaalamu, na kwamba wanaye fundi atakayefika nyumbani kwa shilingi 150,000. Je, ni kweli? Sina nia ya kumzibia fundi riziki yake, ila sipendi kulipia jambo ninaloweza kulifanya mwenyewe kwa rimoti.

Fundi wa Chumbageni

Waalaikumu salaam, kaka. Nimekuwa nikitengeneza televisheni tangu zama za kichogo, na ushauri wangu ni kwamba umuulize fundi huyo swali moja tu: anakuja na kipimo gani? Kazi hiyo kwa ukamilifu wake hufanywa kwa kolorimita, kifaa kidogo kinachowekwa mbele ya kioo na kuunganishwa na kompyuta, ambacho husoma mwanga unaotoka wakati televisheni inaonyesha mabaka ya kijivu na ya rangi. Fundi naye hurekebisha nyekundu, kijani na buluu hatua kwa hatua, mpaka nyeupe ya kioo ikaribie kiwango kiitwacho D65, yaani takriban kelvini 6500 (kelvini hupima nyeupe inavyoelekea njano au buluu), ambacho ndicho wanachokifuata watengenezaji wa vipindi na filamu. Jicho peke yake haliwezi, kwa kuwa jicho huzoea upesi chochote linachokitazama. Akija na rimoti mkononi, atakuwa anakuuzia menyu uliyokwisha kuinunua.

Analolalamikia mzee linatokana na hali ya picha ya dukani, ambayo rangi zake zimekolezwa na nyeupe yake imesogezwa kwenye buluu ili kioo kishindane na taa za duka. Chagua hali ya sinema, au ile iitwayo Filmmaker Mode iliyotangazwa mwaka 2019 kama televisheni yako inayo, na joto la rangi uliweke upande wa vuguvugu, yaani wa njano. Ukali upunguze sana, maana hauongezi undani wowote bali huchora vijistari vyeupe pembezoni mwa vitu. Kitu kinachowachanganya wengi ni kipengele cha mwangaza: katika televisheni nyingi hicho huamua weusi uwe mweusi kiasi gani, na nguvu ya taa ya nyuma ina kipengele chake chenyewe. Tafuta tukio la usiku lenye mtu aliyevaa suti nyeusi, upandishe mwangaza mpaka mikunjo ya koti ionekane, kisha usimame kabla weusi haujageuka kijivu.

Siku mbili tatu za mwanzo mzee atasema picha imekuwa ya njano. Muombe astahimili.

Mpiga video wa harusi

Nakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, ila nisingependa watu waondoke hapa wakidhani kipimo ni anasa tupu. Mimi huhariri video za harusi, na nilipokuwa nikitegemea macho, bibi harusi mmoja alinirudishia kazi kwa sababu gauni lake la rangi ya maziwa lilitoka la waridi. Baada ya kununua kolorimita ya kompyuta yangu, malalamiko ya namna hiyo yalikwisha. Kwa hiyo anayefanya kazi ya rangi anaihitaji, na vilevile mpenzi wa filamu aliyetenga chumba chenye giza. Hata yeye ningemshauri aitumie televisheni saa mia moja hivi kwanza, kioo kitulie, na ahakikishe kila mlango wa kuingizia picha kwenye televisheni umerekebishwa, kwa sababu mara nyingi mipangilio ya king'amuzi haihusiani na ile ya programu zilizomo ndani ya televisheni yenyewe.

Jirani wa Raskazone

Niongeze moja: usinakili tarakimu za mtu mwingine kutoka intaneti, hata kama ana televisheni ya aina ileile. Vioo viwili vilivyotoka kiwanda kimoja havilingani kikamilifu, na sebule zenu hazilingani kamwe. Kwangu dirisha linatazama bahari, na jua la asubuhi lilinishinda mpaka nilipotundika pazia zito.

Mkaazi wa Makorora

Nawashukuru nyote. Nilipiga simu dukani kuuliza habari za kipimo, nikajibiwa kuwa fundi wao "ana uzoefu wa macho", basi nikaishia hapo. Nimeweka hali ya sinema na kupunguza ukali. Siku ya kwanza mzee aliuliza kama nimeiharibu. Jana, siku ya tano, nilimrudishia kwa makusudi picha ya dukani, naye akakunja uso na kuniagiza niwaondolee watu wale manjano yao. Pazia nitalinunua mwisho wa mwezi.