Korongo linakula njia ya mtaa wetu: tumfuate jirani wa juu, au tuchange tujenge mtaro?

Mkazi wa Mashariki (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaishi katika mtaa mmoja ulio mashariki mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara kuu iendayo Morogoro, eneo ambalo zamani si nyingi lilikuwa mashamba ya mtama na vichaka vya migunga, na ambalo sasa limejaa kuta na mageti. Lina mteremko mdogo ambao mgeni akija wakati wa kiangazi hawezi kuutambua, lakini mvua ya kwanza ya Desemba ikipiga, kila mmoja wetu anajua maji yanatokea wapi na yanaishia kwa nani.

Njia inayotuhudumia, ambayo kwenye mchoro wa mipango miji ni barabara ya gari, sasa ina korongo upande wa kushoto linalomfika mtu mzima kiunoni. Bomba la mkazi mmoja linaning'inia hewani, limeegeshwa kwenye vijiti na kufungwa mpira wa baiskeli mahali linapovuja, na nyumba ya kona msingi wake umeanza kuonekana. Boza la maji haliwafikii tena majirani wa mwisho, kwa hiyo wanaletewa madumu kwa bodaboda kwa bei ambayo sitaki hata kuitaja.

Jirani wa juu ni mzee mstaafu tunayemheshimu, ambaye alisakafia ua wake wote kwa pevingi na kuacha matundu matatu chini ya ukuta ili maji yasituame kwake. Mvua ikinyesha, maji hutoka kwenye matundu hayo kwa kasi na kuangukia njiani. Vijana wamekwisha kusema kwamba wataenda usiku kuyaziba kwa zege. Wapo wanaotaka kila kaya ichange, tununue saruji na mawe, tujenge mtaro wetu wenyewe. Wapo pia wanaosema kwamba barabara si mali yetu na kazi hiyo ni ya serikali, ingawa barua tuliyoipeleka kwenye ofisi inayohusika baada ya mvua kukatika haijajibiwa mpaka leo.

Ninaomba ushauri wa waliowahi kupitia jambo hili hapa Dodoma. Tuna haki gani mbele ya jirani ambaye maji yake yanatuharibia njia, tunaruhusiwa kujenga mtaro kwa nguvu zetu, na kipi kifanyike sasa wakati ardhi bado ni kavu? Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Makalavati

Mleta mada, nimefanya kazi za barabara na mitaro kwa muda mrefu, na ninakuomba kwanza uwazuie hao vijana. Ukuta uliozibwa matundu hugeuka kuwa bwawa. Maji yatajaa uani kwa mzee, yataulainisha msingi wa ukuta, na siku utakapoanguka yatashuka yote kwa mkupuo, pamoja na tofali, kuelekea kwenye nyumba hiyo hiyo ya kona. Zaidi ya hapo, kuziba kitu kwenye kiwanja cha mtu bila idhini yake ni kosa ambalo litawatoa ninyi kwenye upande wa wenye haki.

Pili, fanyeni hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme paa la mzee ni mita za mraba 150 na ua wake wa pevingi ni 250, jumla 400. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu inaweza kushuka alasiri moja, itamletea lita 16,000. Ni maji mengi, lakini korongo la kumfika mtu kiunoni haliwezi kuchimbwa na ua mmoja. Juu ya mzee kuna nyumba nyingine, na hizo nazo zimesakafiwa. Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu karibu 411,000 kwenye sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000 katika jiji hili. Kila familia iliyoongezeka ilikuja na paa lake, na ardhi iliyokuwa ikinywa maji sasa inayatema.

Ninashuku pia greda, ingawa wengi hulishangilia likipita. Udongo wetu mwekundu wa kichanga ukichongwa bila kuwekewa kifusi na kushindiliwa, barabara hushuka kidogo kila mwaka na udongo wake husukumwa pembeni, mpaka siku moja mnakuta barabara iko chini kuliko viwanja vya pande zote mbili. Hapo haihitaji jirani mkorofi. Imekwisha kuwa mto, na maji ya mtaa mzima yatajikusanya humo yenyewe. Mvua ya kwanza ikija, watu wawili wavae mabuti na koti la mvua, wapande kufuata maji hadi yanapoanzia, wakipiga picha kila mahali yanapoungana. Picha hizo zitawasaidia kuliko kikao kirefu.

Kuhusu mtaro, tatizo si saruji bali ni mwisho wake. Mtaro wa zege huongeza kasi ya maji, kwa hiyo mkiujenga mbele ya nyumba zenu na kuuachia pale viwanja vyenu vinapokoma, mtakuwa mmemchimbia korongo jipya jirani wa chini, naye ataleta malalamiko kama haya yenu. Ni lazima ufike kwenye mkondo wa asili au kwenye mtaro mkubwa uliopo. Vilevile, barabara za mijini na vijijini, mbali na zile kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS, zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, tangu mwaka 2017, kwa hiyo mtaro wa kudumu ndani ya hifadhi ya barabara unahitaji ridhaa yao. Muombeni mhandisi afike apime mwinuko. Msichimbe kabla ya kujua mabomba ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yamepita wapi, maana hasara yake mtailipa ninyi.

Kinachowezekana kufanyika mapema, baada ya kuwataarifu wenye barabara, ni vizuizi vya mawe ndani ya korongo lenyewe. Anzeni juu, mkishuka. Kila kizuizi kiingizwe ardhini na kwenye kuta za korongo, katikati kiwe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati na yasizunguke kuzila kingo, na chini yake mpange mawe bapa pale maji yanapoangukia. Umbali kati ya kizuizi na kizuizi upimeni hivi: mgongo wa kile cha chini uwe usawa na mguu wa kile cha juu. Mchanga utajaa nyuma yake na korongo litaanza kupanda lenyewe. Msitumie viroba vya mchanga, kwani jua la hapa huvichana, na mvua ikija mnabaki na mchanga uleule njiani pamoja na takataka za plastiki.

Mama wa Nyumba ya Pili

Samahani, mleta mada, ninauliza jambo ambalo watu huona aibu kulisema. Je, yanayotoka kwenye matundu hayo ni maji ya mvua peke yake? Kwetu kulikuwa na kaya iliyosubiri mvua kubwa ili itapishe choo, na sisi tulidhani harufu ile ni ya dampo. Kama lipo hilo, suala linahama kutoka kwenye barabara na kuwa la afya ya jamii, na afisa afya wa kata ana mamlaka ya kuingia na kukagua bila kusubiri mhandisi wala bajeti.

Mkazi wa Mashariki (mleta mada)

Mama, ahsante. Kwa mzee sijawahi kuona wala kunusa kitu cha namna hiyo, na nisingependa asingiziwe. Ila kuna nyumba mbili za wapangaji juu yake ambazo siwezi kuziapia.

Mjumbe Mstaafu

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, kwa hiyo nitazungumzia upande wa taratibu na kumwachia fundi mawe yake, ambayo ameyaeleza vizuri.

Barua yenu haikujibiwa pengine kwa sababu ilikuwa barua ya watu wachache. Ombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano wa wakazi, suala la korongo liwe ajenda, afisa mtendaji wa mtaa aandike muhtasari, na orodha ya mahudhurio yenye saini iambatishwe. Barua inayotoka hapo inakuwa ya mtaa. Nakala zake ziende kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, ili ajenda iingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kila mnapofikisha barua, nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa huwa haipo, hata kama mliipeleka kwa maandamano. Mkumbuke pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya kata huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Anayepeleka ombi baada ya mvua kukatika, mara nyingi hukuta bajeti imekwisha kufungwa.

Kuhusu haki mbele ya jirani: mzee haendewi na kundi. Watumeni watu wazima wawili, ikiwezekana wa rika lake, waende asubuhi, wamsalimie, wakae, na wazungumze habari ya njia kabla ya kuzungumza habari ya matundu. Sioni sababu ya kutoanza na ombi ambalo naye litamfaa, kwamba aweke mifereji kwenye paa na kuelekeza maji kwenye simtanki. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na zote hushuka katika msimu mmoja. Kwa paa la mita za mraba 150 hizo ni zaidi ya lita 85,000, katika mji ambao wengi wetu tunalipia boza. Simtanki la lita 5,000 hujazwa na mvua ya milimita 33 au 34 tu, kwa hiyo halitayamaliza maji yake, lakini litapunguza ule mkupuo wa kwanza, na yanayozidi yanaweza kuingizwa kwenye shimo la kufyonza lililojazwa mawe, mbali na misingi.

Akikataa kabisa, mlango unaofuata ni Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani baraza hilo linatoa hukumu katika migogoro ya ardhi, lakini baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi nisingefika huko kwa ajili ya matundu matatu. Kesi itachukua misimu kadhaa ya mvua, na njia itaendelea kuliwa.

Mzee wa Kondoa

Shikamooni wakubwa, marahaba kwa wadogo. Ninaongeza machache. Kwetu Kondoa makorongo yalikuwa makubwa kiasi cha kumeza mashamba, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tuliouita HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Jambo hilo liliwauma wafugaji, na sitaki kujifanya kwamba halikuwa na machungu. Lakini nyasi na vichaka vilirudi, na makorongo mengi yakatulia kwa sababu ardhi ya juu yake ilikuwa imevaa tena.

Ninalisema hili kwa sababu sijaona mtu akiuliza habari za mbuzi. Mkipanga mawe kama alivyoeleza fundi, mchanga utajaa, na humo nyasi zitaota zenyewe mvua ikianza. Mbuzi wa mtaani wakiachwa kuzurura watazimaliza kabla hazijashika mizizi. Pandeni mikonge kwenye kingo na minyaa juu yake, maana hivyo mbuzi havitaki, na mkubaliane kwenye huo huo mkutano kwamba anayefuga afunge mifugo yake angalau msimu mmoja.

Mkazi wa Mashariki (mleta mada)

Ninawashukuru wote. Vijana nimewasomea maelezo ya fundi kuhusu ukuta, na wamekubali kuacha zege. Wawili wamejitolea kuyafuata maji mvua ikianza. Mama mmoja na mzee mwingine wa mtaa wataenda kwa jirani Jumamosi, kabla ya mkutano, ili asiyasikie mambo haya kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Limebaki swali la michango ya mawe: je, ikusanywe na mwenyekiti, au na sisi wenyewe?

Mjumbe Mstaafu

Isikusanywe na mtu mmoja, awe mwenyekiti au mwingine. Mkutano uchague watu watatu, mmoja wao atoke katika zile nyumba za mwisho ambazo boza haliwafikii, na kila mchango uandikiwe risiti. Matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Ni vizuri mawe yanunuliwe kwanza, yamwagwe njiani pale ambapo kila mtu anayaona, ndipo muombe awamu ya pili.